Kanda za pamba, kanda za miwa: nani anarithi uchumi wa Uganda?

Muwa ukishakatwa hauna subira. Ukikaa juani siku mbili tatu, uzito unashuka na sukari inapungua, kwa hiyo mkulima wa Luuka au Mayuge aliyekwisha kupakia trela anaona pesa yake ikiyeyuka kadiri trekta inavyochelewa kwenye foleni ya mizani. Kwa miaka mingi foleni hiyo, kwa mkulima wa Busoga, ilikuwa moja tu, ya kiwanda cha Kakira. Baadaye vikaja viwanda vya Mayuge, Kaliro na Kamuli, na mkulima akapata pa kugeukia bei isipomridhisha. Hata hivyo Sera ya Taifa ya Sukari ya 2010 ilitaka viwanda viachane kwa kilomita 25, yaani kila kiwanda kiwe na kanda yake, na wenye viwanda vikongwe wameishikilia hiyo kilomita 25 kwa mikono miwili. Muswada wa sukari ulipopita bungeni bila kanda hizo, Rais aliurudisha akitaka ziwemo. Sheria ya Sukari ya 2020 ilipatikana baada ya mvutano mrefu, na mvutano wenyewe haujaisha.

Hoja ya wenye viwanda ina uzito wake, na si haki kuipuuza. Kiwanda kinamkopesha mkulima mbegu, kinamlimia shamba, kinamsubiri mwaka mmoja na nusu hadi muwa ukomae, halafu usiku mmoja trekta ya kiwanda kingine inakuja na bei ya juu kidogo na kuondoka na mzigo. Nani atawekeza kwa utaratibu huo? Lakini dawa inayopendekezwa, yaani kumfungia mkulima ndani ya duara la mnunuzi mmoja, tumeshawahi kuinywa katika nchi hii, na tunajua ilivyotufanya.

Pamba ilianza kulimwa Uganda kama zao la biashara mwaka 1903. Mwanzoni ilichambuliwa huko huko vijijini kwa mashine ndogo za mkono. Mwaka 1908, chini ya Gavana Hesketh Bell, serikali ya kikoloni ilizipiga marufuku mashine hizo kwa sababu iliyotajwa kuwa ubora: mbegu zilichanganyika, pamba ikawa chafu, na viwanda vya Uingereza vililalamika. Uchambuaji ukahamia kwenye vinu vikubwa vya Wazungu na, kwa wingi zaidi baadaye, vya Wahindi. Vinu vikazidi, wenye navyo wakaanza kugombania pamba, bei ya mkulima ikapanda. Wakaungana kudhibiti ununuzi, na katika miaka ya 1930 sheria ikaja kuwasaidia: nchi ikagawanywa katika kanda za pamba, na pamba mbichi ikakatazwa kuvuka kutoka kanda moja kwenda nyingine. Mkulima akabaki na wanunuzi wa kanda yake. Mwaka 1949 watu wa Buganda walipoinuka, miongoni mwa madai yao ilikuwa haki ya kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Ignatius Musazi na chama chake cha wakulima hawakuwa wakidai bendera tu. Walidai mlango wa kuingilia kwenye hatua inayofuata ya kazi, ile hatua yenye faida.

Miaka zaidi ya 70 imepita kati ya kanda za pamba na kanda za miwa. Serikali imebadilika, zao limebadilika, lugha ya hoja imebadilika kidogo sana. Nimeanza na habari hii kwa sababu inagusa mjadala ambao wanajiografia wa uchumi wamekuwa nao kwa takriban miaka 20, na ambao Uganda ingepaswa kuwa na sauti kubwa ndani yake.

Mwaka 2006 wasomi wawili wa Uholanzi, Ron Boschma na Koen Frenken, waliuliza kwa nini jiografia ya uchumi isijengwe juu ya fikra za mageuko. Msingi wao ulitoka kwa wachumi Nelson na Winter, walioandika mwaka 1982 kwamba kampuni haikai kila asubuhi kupiga hesabu ya njia bora kuliko zote. Kampuni inafanya kazi kwa desturi: namna yake ya kununua, ya kurekebisha mashine, ya kumfundisha kijana mgeni. Desturi hizo hurithiwa. Fundi anapoacha kazi na kufungua karakana yake, anaondoka nazo kichwani. Na kwa kuwa fundi huyo kwa kawaida hafungui karakana mbali na alikojifunza, ujuzi unakaa mahali. Eneo linakua kwa kuchipua kutoka kwenye kile linachokijua tayari: waliozoea kutengeneza baiskeli wanaelekea pikipiki kwa urahisi kuliko wanavyoelekea dawa za hospitali.

Naukubali mtazamo huu, na naukubali kwa moyo wote. Unatuponya na ugonjwa wa kudhani kwamba ukitwaa ekari mia kadhaa, ukamwaga lami, ukavuta umeme na kutoa msamaha wa kodi, basi kiwanda kitaota mizizi popote. Unatulazimisha kuuliza watu wa mahali wanajua nini, na walijifunza kwa nani.

Udhaifu wake ulitajwa mapema. Mwaka 2009 Danny MacKinnon na wenzake walitoa hoja kwamba wanamageuko wanaitazama kampuni kwa karibu mno kiasi cha kulisahau dola, vyama vya wafanyakazi, umiliki na mamlaka. Ukisoma maandishi mengi ya mkondo huo utadhani desturi za kazi hushinda au hushindwa kwa ubora wake sokoni. Gernot Grabher alikuwa ameshaonyesha jambo jingine mwaka 1993 alipochunguza bonde la Ruhr huko Ujerumani, nchi ya makaa ya mawe na chuma. Kilicholifunga eneo lile kwenye viwanda vilivyokuwa vinazeeka kilikuwa pia muungano wa kisiasa: kampuni kubwa, vyama vya wafanyakazi na serikali ya jimbo, kila mmoja akilinda alichonacho, wakakubaliana kimya kimya kwamba mambo yabaki yalivyo.

Hapa ndipo Uganda inapotofautiana na vitabu. Nadharia hii ililelewa katika maeneo yaliyong'ang'ania njia ya zamani kupita kiasi. Tatizo lao ni kujinasua. Sisi tuna miji ambayo njia yake ilikatwa, ikakatwa tena, kwa amri, na swali letu ni nini kilisalia na nani aliruhusiwa kukiokota.

Jinja ndiyo darasa lenyewe. Reli ilikuwa imeshafika Mto Nile wakati bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilipozinduliwa mwaka 1954 na Malkia Elizabeth wa Uingereza. Gavana John Hall alikuwa ameusukuma mradi huo kwa imani kwamba umeme wa bei nafuu utazaa viwanda. Vilizaliwa kweli, lakini havikuzaliwa na umeme peke yake. Shirika la Maendeleo la Uganda lilianzishwa mwaka 1952, likaweka mtaji wa umma. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956, shaba ya Kilembe ikaanza kusafirishwa kutoka miguuni mwa Rwenzori, ikivuka nchi nzima hadi tanuri la kuyeyushia lililojengwa Jinja, kwa sababu umeme ulikuwa huko. Kiwanda cha nguo cha Nytil kikachukua pamba ya nchi, kikasokota, kikafuma, kikatia rangi. Vikafuata viwanda vya chuma vilivyoyeyusha vyuma chakavu, na vya majembe. Kila kimoja kilihitaji mafundi wa umeme, mafundi mitambo, watu wa kuchonga vipuri, na hao walihama kutoka kiwanda kimoja kwenda kingine na ujuzi wao. Boschma angeitazama Jinja ya miaka ya 1960 na kutabasamu: shughuli zenye undugu, zimekaa pamoja, zinaambukizana maarifa.

Angehitaji pia kwenda Walukuba. Mtaa ule ulijengwa na serikali miaka ya 1950 kuwaweka wafanyakazi wa Kiafrika, na walikuja kutoka kila upande: Wasoga wa karibu, Waganda, watu wa West Nile, Waacholi, Wateso, Wajaluo kutoka ng'ambo ya mpaka. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, mtaani na kwenye mashine. Sisi tunaotumia lugha hii Uganda tunajua kwamba wengi nchini wanaikumbuka kwa sauti ya kambi ya jeshi na kizuizi cha barabarani. Walukuba inatukumbusha kwamba kilikuwa pia lugha ya zamu ya usiku, ya kumwonyesha kijana wapi pa kupaka grisi. Kwa hesabu yoyote ya wanamageuko, hiyo ni mali ya mji.

Lakini kwa nini kibarua atoke West Nile kuja kukata miwa Kakira, na asilime zao lake la biashara kwao? Kwa sababu utawala wa kikoloni uliamua hivyo. Kwa muda mrefu kaskazini kuliachwa kuwa hazina ya vibarua na askari, huku pamba na kahawa vikipewa kipaumbele kusini. Mgawanyo huo wa kazi ulikuwa ramani ya kisiasa kabla haujawa ramani ya ujuzi. Mtafiti akija leo, akahesabu ujuzi uliopo Arua na ujuzi uliopo Mukono, akashauri kila mkoa uendeleze kile unachokijua, ushauri wake utakuwa umeibariki amri ya gavana bila mwenyewe kujua. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote katika matumizi mepesi ya nadharia hii. Historia ya dhuluma inaingia kwenye jedwali kama ujuzi wa mkoa, na inatoka kama mapendekezo.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 kuondoka. Mengi yameandikwa juu ya ukatili wa amri ile, na hayajatosha. Kwa macho ya mjadala huu, tazama kilichotokea kwa desturi za kazi. Maduka, vinu, karakana na majumba yaligawiwa, mengi kwa wanajeshi na watu wenye jina serikalini. Jengo liligawika, mashine iligawika, funguo zilikabidhiwa. Kilichokuwa kichwani mwa mhasibu, mwagizaji wa vipuri na msimamizi wa rangi kilipanda ndege Entebbe. Waliobaki, mafundi wa Kiafrika waliojua mashine kwa mikono yao, hawakupewa viwanda. Tuseme wazi: kulikuwa na warithi wa kweli wa ujuzi wa Jinja, wakiishi Walukuba, na dola ikawapita ikawapa wengine. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli la pamoja nalo likagawanyika, na soko la ng'ambo ya mpaka likawa shida kulifikia. Uchimbaji wa shaba Kilembe ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tanuri la Jinja likakosa cha kuyeyusha.

Kilichorudi na kisichorudi kinafundisha mengi. Sukari ilirudi. Familia ya Madhvani, ambayo Muljibhai Madhvani aliianzishia kiwanda Kakira mwaka 1930, ilirejea miaka ya 1980 na kufufua mashamba na mitambo. Familia ya Mehta, iliyokuwa Lugazi tangu 1924, nayo ilirejea. Walikuwa na mtaji nje, majina yaliyoaminiwa na mabenki, na kumbukumbu ya kazi iliyohifadhiwa ndani ya familia moja. Na serikali ilikuwa tayari kuwarudishia ardhi na mali zao. Bodi iliyokuwa imeshikilia mali za Waasia walioondoka ilifanya hivyo kwa maelfu ya nyumba na maduka pia. Sina ugomvi na hilo: mali iliporwa, irudishwe. Lakini Shirika la Masoko ya Pamba lilipopokonywa ukiritimba katika miaka ya 1990, vyama vya ushirika vilivyokuwa vimepata vinu baada ya machafuko ya 1949 viliingia sokoni na madeni na bila fedha za kununulia zao, na vingi vikaanguka. Hakukuwa na bodi ya kuwarudishia wakulima chao. Wote wawili, familia yenye kiwanda na chama cha wakulima, walikuwa wabebaji wa desturi za kazi. Mmoja alibebwa hadi ng'ambo ya mto, mwingine akaambiwa aogelee.

Pamoja na hayo, ujuzi haufi kwa kunyimwa hati. Nenda Katwe, Kampala, utaona geti la chuma likikatwa na kuchomelewa kando ya barabara, mashine za kukobolea mahindi zikiundwa, sufuria zikisubuliwa kutokana na aluminiamu chakavu. Fundi anaangalia mashine ya kigeni, anaipima kwa kamba na macho, na baada ya siku kadhaa anayo ya kwake. Kijana anayeshika koleo leo atakuwa na karakana yake hatua chache kutoka hapo, akishindana na aliyemfundisha. Ndivyo hasa nadharia inavyosema viwanda huzaana. Kinachokosekana ni haki ya mahali: wengi hawana hati ya kiwanja wanachofanyia kazi, na asiye na hati hanunui mashine nzito ya kuchongea, kwa sababu haijulikani atafukuzwa lini. Wakati huo huo mwekezaji mgeni anapewa kiwanja Namanve, kwenye eneo la viwanda, kwa masharti nafuu. Kati ya hao wawili, ni yupi mwenye mizizi?

Kampuni ya umma ya Kiira Motors, iliyochipuka kutoka Chuo Kikuu cha Makerere kwa gari la umeme la mwaka 2011, imejenga kiwanda chake Jinja. Nafurahia uamuzi huo, maana ndio mji wenye historia ya mitambo. Furaha yangu itakuwa kubwa zaidi siku mafundi wa Katwe na Jinja watakapoanza kuuza vipuri kwa kiwanda hicho kwa mikataba ya kudumu.

Kahawa nayo ina somo. Robusta ni mti wa asili wa misitu yetu, na wakulima wadogo ndio wanaoibeba. Ukiritimba wa Bodi ya Masoko ya Kahawa ulipoondolewa mwaka 1991, iliundwa mamlaka ya kusimamia ubora na leseni, ile iliyojulikana kwa kifupi kama UCDA. Kwa zaidi ya miaka 30 ilijenga kile ambacho fedha hainunui haraka: wakaguzi, waonjaji, kumbukumbu za mauzo, imani ya wanunuzi wa nje. Usafirishaji ulifika mifuko zaidi ya milioni 6 ya kilo 60 kwa mwaka. Mwaka 2024 Bunge, katika kikao cha vurugu, lilipitisha sheria ya kuirudisha kazi hiyo ndani ya Wizara ya Kilimo, kwa hoja ya kubana matumizi. Mimi naona hapo ni kuchezea desturi za kazi zilizokomaa. Na miaka miwili kabla, Februari 2022, serikali ilikuwa imetia saini mkataba na kampuni ya Uganda Vinci Coffee ulioipa kipaumbele cha kununua kahawa bora mbele ya wengine, hadi Bunge likapendekeza uvunjwe. Pamba, miwa, kahawa. Kila zao la mkulima mdogo likianza kulipa, anatokea mtu mwenye karatasi ya kuwa mnunuzi wa kwanza.

Kwa hiyo naongeza jambo moja kwenye nadharia ya Boschma na wenzake. Dola nayo ina desturi za kazi. Inazirithi kutoka serikali iliyotangulia, kupitia makabrasha, sheria zisizofutwa, na mazoea ya ofisini ya kuamini kwamba wanunuzi wachache wakubwa ni rahisi kusimamia na kutoza kodi kuliko maelfu ya wadogo. Mtu hahitaji kuwa na nia mbaya ili azirudie. Inatosha afungue faili la zamani. Desturi hizi zinashinda kwa sababu zina faida kwa wenye sauti: mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Mtafiti anayechora ramani ya ujuzi wa viwanda bila kuchora ramani ya leseni, hati za ardhi na haki za kununua, amechora nusu ya nchi.

Hoima sasa ndipo desturi mpya zinapoandikwa. Mafuta ya bonde la Albertine yalithibitishwa mwaka 2006. Bomba la kupashwa joto la kilomita 1,443 limekusudiwa kuyapeleka Tanga, njia iliyochaguliwa mwaka 2016 dhidi ya ile ya Lamu, na sababu zilikuwa za siasa na usalama sawa na zilivyokuwa za gharama. Kanuni za mwaka huo huo zilitenga aina 16 za bidhaa na huduma kwa kampuni za Uganda: usafiri, chakula, ulinzi, upimaji ardhi, kazi za ujenzi na nyinginezo. Ni jambo jema. Lakini kanuni zinasema Uganda, hazisemi Bunyoro, mkoa wenyewe wa mafuta, na kampuni zenye hesabu zilizokaguliwa na dhamana za benki ziko Kampala. Mfugaji wa kuku wa Buliisa, ambaye ardhi yake imepitiwa na miundombinu, anashindwa zabuni ya mayai na mtu anayeleta mayai kutoka Mukono.

Kiwanda cha kusafisha mafuta kilichopangwa Kabaale, Hoima, kitakuwa na uwezo wa mapipa 60,000 kwa siku. Kitahitaji wachomeleaji, mafundi mabomba, wapishi, mafundi magari, wapimaji wa maabara. Chuo cha mafuta cha Kigumba kimekuwepo tangu 2009 na vijana wametoka humo na vyeti. Zabuni zikigawanywa katika vifurushi vidogo ambavyo ushirika wa Buliisa unaweza kuvimudu, karakana za Hoima zikipewa hati za viwanja vyake kabla bei ya ardhi haijapaa, na mkulima akiandikiwa uhuru wa kuuza kwa yeyote, mkoa utajifunza kazi mpya na kuimiliki. Wabunge wa Bunyoro wanaweza kuidai mikataba hiyo iwekwe mezani, ukurasa kwa ukurasa, na waanze kwa kutafuta kifungu kinachosema nani ana haki ya kununua kwanza.